Uzinduzi wa Mashine ya Kurusha Protini Bila Maji

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye naye amewakilishwa hapa na dereva wake, Waheshimiwa Wakurugenzi, Makaimu Wakurugenzi, na mnaokaimu nafasi za Makaimu hadi hapo uteuzi utakapokamilika, wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, wa Kamati ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi, na wa Kamati ya Chai, mabibi na mabwana wa meza kuu, wa viti vya plastiki, na nyinyi mliosimama dirishani mkidhani humu ndani kuna msiba, wanasayansi, wanahabari, wanafamilia wangu, ambao leo wako kumi na saba kwa kuwa wote wana utaalamu unaohusika, protini zote, zinazoonekana na zisizoonekana, na yeyote nitakayekuwa nimemsahau, ahesabu nimemtaja mara mbili, akae. Hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujamboo!) Mnanisikia huko nyuma? (Sauti: Hatusikii!) Vizuri sana, basi tuendelee.

Mimi, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Sayansi za Vitu Vidogo Mno, nasimama mbele yenu leo, saa nne kamili asubuhi, kwa unyenyekevu mkubwa ambao hata wasaidizi wangu wameushangaa, ili kuzindua rasmi, kwa maana ya kuzindua kwa mujibu wa taratibu zote za uzinduzi, ile mashine ambayo imesubiriwa na vizazi vilivyopita bila wao wenyewe kujua kuwa wanaisubiri, yaani Mashine ya Taifa ya Kuchunguza Umbo la Protini Katika Hali ya Gesi, ambayo iko hapa kushoto kwangu, chini ya kitambaa hiki chekundu kilichoshonwa na mama mkwe wangu. (Makofi. Mama mkwe anainuka, anapunga mkono, anaketi.) Nawaomba msikisogelee kitambaa. Mashine hii ni nyeti mno. Hata mimi sijaisogelea.

Sasa najua wapo kati yenu wanaojiuliza protini ni kitu gani, na imekosa nini mpaka irushwe. Ni swali zuri, hata mimi nilijiuliza, miezi saba baada ya kuidhinisha mradi. Protini, ndugu zangu, imo ndani ya damu yenu na misuli yenu, kila mtu bila kujali cheo, ingawa kwa wakurugenzi imo zaidi, nayo ni kama uzi mrefu uliojikunja kwa mpangilio wake maalumu, na mpangilio huo ukivurugika mwenye nayo anaugua. Miaka yote wataalamu wameichunguza ikiwa majini. Sisi tukasema hapana! (Hapana!) Tukasema itolewe majini, ipulizwe kupitia sindano nyembamba kuliko unywele, ipigwe umeme, maji yakauke yote, ibaki yenyewe uchi ikiruka ndani ya bomba, halafu tuone kama itashika umbo lake au itasambaratika. (Minong'ono. Mzee mmoja: Uchi kabisa?) Uchi kabisa, mzee wangu, lakini kwa kufuata kanuni.

Ndani ya bomba hilo tunaweka gesi kidogo, ya kuisumbua tu. Ile protini iliyojikunja vizuri hupita upesi, kama mtu aliyebana viwiko vyake katikati ya msongamano wa soko. Ile iliyoachia mikono na miguu hugongana na kila anayepita, inafika imechelewa, na sisi tunaoingoja mwisho wa bomba na saa mkononi tunaijua mara moja. Mfano huu wa soko nimeubuni mwenyewe. (Sauti ya mwanamke, mstari wa pili: Mheshimiwa, mfano huo nilikupa mimi.) Nimeubuni mwenyewe kwa kushirikiana na wadau.

Na mdau ndiye huyo aliyesema. Simama, mwanangu, wakuone. (Mtafiti anasimama. Amekumbatia boksi jeupe la barafu kifuani.) Huyu ndiye mtafiti wetu, mtaalamu kwelikweli, mwenye kichwa kigumu kama msumari, ambaye alinijia ofisini mara kumi na nne. Mara kumi na tatu nilikuwa kikaoni, akakaa kwenye lile benchi la ukumbini kando ya mashine ya fotokopi iliyokufa, mpaka wahudumu wakadhani ameajiriwa, wakaanza kumtuma kupeleka mafaili. Mara ya kumi na nne nilikuwa natoka msalani, akanibana. (Kicheko.) Akanieleza kwa machozi, nami ni mtu wa huruma, tena huruma yangu imeandikwa kwenye wasifu wangu ukurasa wa tatu, kwamba katika ukoo wao ipo protini ya damu yenye vipande vinne, na vipande hivyo kwa kawaida hushikana kama ndugu waliokumbatiana, lakini kwa baadhi yao vinaachiana, na vikishaachiana, vinakwenda kuganda kwenye mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi, baadaye mikono, baadaye moyo. Mama yao aliondoka hivyo. Na sasa mdogo wake, yule pale mwenye shali ya kijani, aliyeletwa hapa leo ameshikwa mkono, ameanza kutozisikia nyayo zake. Pole sana, binti yangu. (Mdogo wake mtafiti: Ahsante, mzee.) Karibu sana kwenye sayansi.

Dawa ipo, ndugu wananchi! (Ipo!) Dawa ya kuvishikanisha vile vipande vinne visiachiane ipo hospitali kuu, ila ni kidogo, na hospitali imesema, nami naiunga mkono kwa kuwa nimo kwenye bodi yake, kwamba haitampa mtu hata kidonge kimoja mpaka kipimo cha umbo kithibitishe kuwa protini yake inaachiana kweli. Kipimo hicho kinafanyika mahali pamoja tu, napo ni chini ya kitambaa cha mama mkwe wangu. Orodha ya wagonjwa inafungwa leo jioni. Ndiyo maana tulimwandikia mtafiti barua, yenye mhuri, kwamba aje leo na sampuli yake, mashine itakuwa tayari, naye ameisafisha protini ya mdogo wake kwa wiki tatu, imo humo kwenye kichupa kisichozidi kifundo cha kidole, na ameniambia hapo mlangoni kuwa barafu ikiisha na yenyewe imekwisha, yaani mwisho saa sita. Nimesema kweli? (Mtafiti: Kweli, mheshimiwa, kwa hiyo naomba tuanze. Mashine nayo inataka muda ikae sawa kabla ya kupima.) Umenena, mwanangu, na kwa sababu yako nitafupisha. Niko ukurasa wa pili kati ya thelathini na moja.

Mradi huu haukudondoka kutoka mbinguni. Ulianza na wazo, wazo likazaa andiko, andiko likazaa kikao cha kupitia andiko, kikao kikazaa posho, na posho ikazaa vikao vingine vyenye afya njema, kiasi kwamba katika kipindi cha miaka minne na nusu idara yangu imeendesha vikao mia mbili na sita, semina arobaini, kati ya hizo thelathini na nane zikihusu namna bora ya kuendesha semina, upembuzi yakinifu mmoja, upembuzi wa upembuzi huo mmoja, na ziara ya mafunzo ng'ambo ambako mimi, mke wangu, na shemeji yangu ambaye ni mtaalamu wa kamera, tuliiona mashine kama hii kwa dakika sita kupitia kioo. (Picha inaonyeshwa ukutani. Wanaonekana Mkurugenzi, mke wake na begi jipya. Mashine haionekani, Mkurugenzi amesimama mbele yake.) Mnaona hapo nyuma yangu? Ndiyo yenyewe. Kwa upande wa takwimu, uelewa wa wananchi kuhusu protini katika hali ya gesi umepanda kutoka asilimia sifuri hadi asilimia mia moja na nne, na hizo nne za juu ni wageni waalikwa. (Makofi.)

(Mtafiti: Mheshimiwa, saa tano hii. Maji yameanza kuchuruzika.) Maji hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Karani, umeandika? (Karani wa takwimu: Nimeandika, mkuu. Lita ngapi?) Andika ya kutosha.

Changamoto zilikuwepo, sitaki kuwaficha. Mashine hii inahitaji ombwe, yaani mahali palipofyonzwa hewa yote pakabaki hapana kitu, kwa sababu protini inayoruka uchi haitaki kukutana na mtu njiani mpaka ifike pale penye ile gesi ya kuisumbua. Sasa mkaguzi wetu wa ndani, mtu makini sana, na ndiyo sababu tulimhamisha, alikataa kupitisha ombwe. Alisema atasainije kupokea kitu ambacho kikifika hakipo, na atajuaje kama kimefika chote au kimepungua njiani? Nikamwita, nikamkalisha, nikamwambia, bwana mkaguzi, idara hii imekuwa ikipokea vitu vya namna hiyo tangu ilipoanzishwa na hakuna aliyewahi kulalamika. (Kicheko kirefu. Meza kuu inagongwa.) Siku hizi anakagua madaftari ya mahudhurio katika kituo cha mbali, na nasikia ana amani.

Samahani kidogo, naletewa kikaratasi. (Mkurugenzi anavaa miwani.) Kikaratasi kinatoka kwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, samahani, kwa dereva wake, na kinasema soda ya meza kuu ni ya moto. Jambo hili ni la aibu na Kamati ya Chai italitolea maelezo kwa maandishi. Ofisa itifaki, hebu msaidie mgeni. (Ofisa itifaki anamwendea mtafiti, anainama, anamnong'oneza. Mtafiti anafunika boksi kwa mkono.) Mwanangu, usiwe mchoyo hadharani. Vipande vitatu tu. (Mtafiti: Mheshimiwa, hii si barafu ya kunywa!) Hatuinywi, tunaiweka kwenye soda. (Kicheko. Mtafiti: Nikiitoa hii, hatufiki saa sita.) Tutafika, mwanangu, saa huwa inafika yenyewe. (Mdogo wake mtafiti: Dada, wape tu. Labda watanyamaza.) Mmemsikia? Huyo ndiye raia mwema. (Ofisa itifaki anapita na bilauri tatu. Dereva anakunywa, anainua kidole gumba.)

Nikiendelea na ukurasa wa tisa, napenda kuwatoa hofu wale wanaosema sayansi hii ni ya wakubwa. Uongo! (Uongo!) Mashine hii itachunguza protini ya kila mtu, awe mwenye nacho au asiye nacho, kwa mtazamo shirikishi, mtambuka na endelevu, na ifikapo mwisho wa awamu ya tatu tutakuwa tumerusha protini bilioni sita, ambapo ajira elfu arobaini zitapatikana, zikiwemo za kuzirusha, za kuzipokea, za kuzifariji zilizochelewa, na za kuandika ripoti ya kwa nini zimechelewa. Tutajenga kituo cha ghorofa nne. Tutajenga uwezo. Tutajenga pia ukuta, maana pale nyuma majirani wanapitisha mbuzi. Na kwa vile mimi si mtu wa kujisifu, nitamwachia mshereheshaji asome barua nilizojiandikia za pongezi baada ya chakula.

(Mtafiti: Mkurugenzi, barafu imeisha! Nakuomba, acha hotuba niingize hii sampuli, mtaendelea kuongea mimi nikipima. Yupo hapa mwenyewe mnamwona!) Jamani, jamani, mnaona ari hiyo? (Makofi.) Vijana wetu wana kiu ya maendeleo. (Mtafiti: Sina kiu, nina mdogo wangu!) Mwacheni, mwacheni, walinzi msimshike, ni furaha hiyo. Basi kwa heshima yake naruka ukurasa wa kumi hadi wa thelathini, nitazigawa nakala mlangoni, na sasa tunakwenda moja kwa moja kwenye kaulimbiu. Nikisema "Protini!" nyinyi mtasema "Imara!" Nikisema "Gesi!" mtasema "Idumu!" Protini! (Imara!) Hamjala? Protini! (Imaraaa!) Gesi! (Idumu!) Bila maji? (Sauti chache: Idumu? Sauti nyingine: Imara?) Hapo mnanyamaza tu, tutafanya mazoezi. Protini! (Imaraaa! Mtafiti anapita katikati ya viti, boksi linadondosha maji sakafuni hadi jukwaani. Anapiga magoti mbele ya mashine. Ananyanyua pindo la kitambaa. Anatazama. Anakirudisha kitambaa polepole.)

Naam. Sasa naingia kwenye shukrani, na naomba utulivu, kwa kuwa mradi mkubwa kama huu hauwezi kuwa wa mtu mmoja, hata kama karibu wote ni wa mtu mmoja.

Namshukuru kwa dhati fundi seremala mwenye karakana nyuma ya hospitali kuu, ambaye kwa taarifa ya siku mbili tu alitutengenezea hili sanduku lililo chini ya kitambaa, kwa vipimo halisi tulivyovikadiria kutoka kwenye ile picha, mimi nikiwa nimetolewa. Fundi huyu kwa kawaida hutengeneza masanduku ya watu waliotangulia, na ndiyo maana hili lina vipini sita, mkono wake haujazoea sanduku la aina nyingine, lakini limepakwa rangi ya kijivu likapendeza. Namshukuru fundi umeme aliyeweka taa ya kijani humo ndani inayowaka na kuzima, ili wananchi wapate picha. (Mtafiti, bado amepiga magoti: Mashine iko wapi?) Swali zuri, nakuja hapo. Mashine yenyewe iko katika hatua ya juu kabisa ya maandalizi ya kuombwa. Mashine inahitaji jengo, jengo linahitaji umeme wa uhakika, umeme unahitaji barua, na barua iko kwa mchapaji wetu, ambaye amejifungua mapacha na yuko likizo. Tumpongeze kwa makofi. (Makofi.)

Aidha, nitakuwa mnyimi wa fadhila nisipomshukuru karani wetu wa takwimu, shujaa asiyeimbwa, ambaye aliona kwamba mwaka wetu wa kutoa taarifa unafungwa kabla ya mwaka wetu wa kufanya kazi, na ripoti haipokelewi makao makuu ikiwa sehemu ya matokeo iko wazi. Fomu ina visanduku viwili tu: "imara" na "si imara." Sasa mniambie nyinyi, ni mkurugenzi gani mwenye akili zake timamu atatia saini fomu ya mradi wake imeandikwa "si imara"? (Kicheko.) Karani akatia alama mahali pake, mwezi uliopita, kwa wagonjwa wote kumi na mmoja, nami nikasaini, nakala ikaenda makao makuu, nakala ikaenda hospitali. Kwa hiyo mwanangu, inuka sakafuni, utachafua gauni. Sampuli yako haina haja. Matokeo ya mdogo wako yalishatoka. (Mtafiti: Mmempima kwa kutumia nini?) Kwa uzalendo, mwanangu. (Mtafiti: Hospitali wamesema nini?) Hospitali wamefurahi sana.

Na mwisho kabisa, kwa namna ya pekee, namshukuru mgonjwa wetu, samahani, aliyekuwa mgonjwa wetu, yule binti mwenye shali ya kijani, ambaye kutokana na ushahidi wa mashine yetu jina lake limeondolewa kwenye orodha ya dawa tangu Jumatatu, ili nafasi yake apewe anayeumwa kweli. Huyu, ndugu zangu, ndiye tunda la kwanza la mradi. Simama, binti yangu, wananchi wakuone. (Mdogo wake mtafiti anashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Anainuka nusu. Anarudi kukaa.) Simama tu, usione haya, uko mbele ya watu wako. (Mdogo wake mtafiti: Mzee, sijui miguu yangu iko wapi.) Iko hapo chini ya kiti, binti yangu, mimi naiona kutoka huku. Makofi kwake tafadhali, na ahsanteni sana kwa kunisikiliza.